Upinde wa Fidla Haukabwi

Fundi mmoja wa nguo, mwenye umri wa miaka 46 na kibanda chake huko Kangemi, alikuja kuniona Jumatatu moja asubuhi akiwa ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kama mtu aliyebeba kifaranga. Maumivu yalikuwa yameanzia chini ya kidole gumba, upande wa kifundo cha mkono, na sasa yalikuwa yakipanda kuelekea kiwiko. Kushika mkasi kulikuwa adhabu. Kufungua chupa ya maji ilibidi amwite mwanawe.

Nilimwuliza maswali ya kawaida. Je, alikuwa ameanguka? La. Je, kazi ilikuwa imezidi? Kazi ilikuwa ile ile ya miaka 20. Je, kuna jambo lolote jipya analolifanya kwa mkono huo? Hapo akatabasamu kwa haya.

"Daktari, usinicheke. Ninajifunza fidla."

Kumbe kwa miezi mitatu alikuwa akihudhuria masomo kila Jumamosi alasiri katikati ya jiji, na kila usiku, baada ya kufunga kibanda, alikuwa akifanya mazoezi kwa saa nzima. Nia yake ilikuwa kupiga pamoja na kwaya ya kanisa lake. "Lakini kama ni fidla iliyoniletea haya," akasema, "nitaiuza wiki hii hii. Mkono huu ndio unaolipa karo ya watoto wanne."

Nilimpa kalamu na kumwomba anionyeshe jinsi anavyoushika upinde. Kidole gumba kilinyooka kama msumari. Kucha yake ikawa nyeupe kwa kukosa damu. Bega likapanda hadi karibu na sikio.

"Fundi," nikamwuliza, "huo umeshika upinde, au umemkaba kuku asitoroke?"

Msomaji mpendwa, huenda wewe hujawahi kugusa fidla. Lakini chombo hiki, ambacho wengine hukiita violini, si kigeni kwetu. Wapigaji wa taarab wa Mombasa na Unguja wamekitumia kwa miongo mingi. Kikundi cha Ikhwani Safaa cha Unguja kilianzishwa mwaka wa 1905. Waluo wana orutu na Wakikuyu wana wandindi, ambavyo pia hupigwa kwa upinde. Hapa Nairobi, Kenya Conservatoire of Music ilianza mwaka wa 1944, na tangu mwaka wa 2008 watoto wa Korogocho wamekuwa wakifunzwa ala za okestra katika mradi wa Ghetto Classics. Na siku hizi si watoto tu. Makarani, walimu na mafundi nao wanaanza wakiwa watu wazima, na baadhi yao hufika kliniki wakilalamika juu ya mkono wa kulia. Mimi si mwalimu wa muziki. Hata hivyo, mkono ni mkono, na yale tutakayojifunza leo yatamfaa pia anayeshika mkasi, kalamu au kisu cha jikoni siku nzima.

MKONO UNAVYOFANYA KAZI

Mkono, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27. Misuli mingi yenye nguvu inayoviendesha vidole haimo mkononi, bali imo katika sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo. Misuli hiyo huvuta vidole kwa kutumia kano, ambazo ni kama kamba imara. Ili zisitoke mahali pake, kano hizo hupita ndani ya ala nyembamba zilizo na utelezi, kama waya wa breki ya baiskeli unavyopita ndani ya mfereji wake.

Kano mbili za kidole gumba hupita pamoja katika ala moja iliyo upande wa kifundo. Mtu anapobana kidole gumba kwa nguvu, kwa muda mrefu na mara kwa mara, ala hiyo hunenepa na nafasi ya kano hupungua. Kila zikivutwa, zinasuguana na maumivu yanazuka. Daktari wa Uswisi aitwaye Fritz de Quervain aliyaeleza maradhi haya mwaka wa 1895, na mpaka leo yanaitwa kwa jina lake. Huwapata pia akina mama wanaobeba watoto wachanga, maana wao nao huinua mzigo kwa kidole gumba kilichotanuka.

Unaweza kujipima mwenyewe. Kunja kidole gumba ndani ya kiganja, vifunike vidole vinne juu yake, kisha uinamishe ngumi polepole kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Mtu mzima wa afya huhisi kuvutika kidogo tu. Ukipatwa na maumivu makali kwenye kifundo, chini ya kidole gumba, acha hapo hapo na umwone daktari. Fundi wetu alipojaribu, aliruka kutoka kitini.

KWA NINI ANAYEANZA HUKABA?

Hukaba kwa kuogopa. Anaogopa upinde utaanguka, na unapokwaruza anadhani dawa ni kubana zaidi. Basi na tuutazame upinde wenyewe.

Upinde wa fidla ya mtu mzima una uzito wa takriban gramu 60. Huo ni uzito wa yai moja la kuku. Urefu wake ni kama sentimita 75. Unaonekana mzito kwa sababu tunaushika mwishoni, kwenye kile kibao cheusi ambacho hapa nitakiita kitako, na sehemu kubwa iliyobaki inaning'inia mbele. Lakini upinde unapowekwa juu ya nyuzi, fidla yenyewe huubeba sehemu ya uzito huo. Kazi ya vidole ni kuuongoza tu.

Je, nguvu ya kutoa sauti inatoka wapi? Inatoka katika uzito wa mkono. Mkono wote, kuanzia begani, una karibu sehemu moja kwa ishirini ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 ana mkono wa kilo tatu na nusu hivi. Uzito huo ni mwingi kuliko fidla inavyohitaji, mradi uachwe utiririke hadi kwenye nyuzi. Bega likiinuliwa na kidole gumba kikikaza, uzito huo unazuiliwa njiani, na anayepiga analazimika kutumia misuli midogo ya vidole kufanya kazi ya mkono mzima.

Kabla ya kulaumu mkono, kagua pia chombo. Singa za upinde, yaani nywele za farasi, zisipopakwa ulimbo huteleza bila sauti, na anayeanza hukandamiza akidhani hana nguvu. Singa zikikazwa kupita kiasi, upinde hurukaruka na mtu huubana ili kuutuliza. Kaza mpaka nafasi kati ya ufito na singa, pale katikati, itoshe kalamu ya risasi, kisha ulegeze kila umalizapo kupiga.

JINSI YA KUSHIKA, HATUA KWA HATUA

1. Simama au kaa wima, uache mkono wa kulia uning'inie kando ya mwili. Utikise kidogo. Sasa utazame bila kubadili chochote. Vidole vimejikunja kidogo, na kidole gumba kimelala karibu na kidole cha kati. Hilo ndilo umbo tunalolitaka.

2. Shika ufito wa upinde katikati kwa mkono wa kushoto, singa zikitazama chini. Mkono wa kushoto ndio ubebe uzito wote kwa sasa, ili ule wa kulia usiwe na sababu ya kuogopa.

3. Leta mkono wa kulia ukiwa na umbo lile lile. Weka ncha ya kidole gumba pale ufito unapokutana na kitako. Kidole hicho kijikunje kuelekea nje. Kikinyooka au kikibonyea ndani, misuli yote ya kiganja hukaza pamoja nacho.

4. Kidole cha kati kikae upande wa pili, karibu mkabala na kidole gumba, kana kwamba unataka kufanya pete. Kidole cha pete kilale kando yake, kikigusa ubavu wa kitako.

5. Kidole cha shahada kilale juu ya ufito kwa ubavu wake, karibu na kiungo cha katikati. Kisijizungushe kwenye ufito kama mtu anayevuta kifyatulio cha bunduki.

6. Kidole cha mwisho kijikunje na kusimama juu ya ufito kwa ncha yake. Hiki ndicho kidole cha mizani. Upinde ukiinuliwa kutoka kwenye nyuzi, ncha ya mbele hutaka kuanguka, na kidole hiki huizuia kwa kubonyeza kidogo upande wa nyuma.

7. Acha mkono uegemee kidogo upande wa kidole cha shahada. Legeza bega. Pumua.

8. Sasa jipime. Tazama kucha ya kidole gumba: ikiwa nyeupe, unakaba. Mwombe mtu avute upinde polepole: ukisogea kidogo mkononi mwako, umeshika vizuri, ukikataa kabisa kama umepigwa msumari, legeza.

Ukiona mshiko huo ni mgumu, anza kwa kushika upinde mbele zaidi, karibu na mahali unapoweza kukaa juu ya kidole kimoja bila kuinama upande wowote. Hapo hauna uzito mkubwa wa kuzuia. Siku zikipita, rudi nyuma polepole hadi kwenye kitako. Walimu wengi wanaofuata njia ya Shinichi Suzuki wa Japani (1898–1998) huwaanzisha watoto kwa kuweka kidole gumba chini ya kitako, kwa nje, kwa sababu hapo mkono mdogo hupata nafasi ya kutulia.

HAKUNA MSHIKO MMOJA KWA WATU WOTE

Wengine huja wakiwa na wasiwasi kwa sababu mwalimu amesema hivi na kitabu kinasema vile. Msishangae. Mwalimu mashuhuri Carl Flesch, katika kitabu chake cha mwaka wa 1923, alieleza mishiko mitatu tofauti: wa Kijerumani, wa Kirusi, na ule wa Wafaransa na Wabelgiji. Yote ilikuwa imetoa wapigaji hodari. Maelezo niliyoyatoa hapo juu yako karibu na ule wa tatu, ambao umeenea sana siku hizi. Mtu mwenye vidole virefu hatakaa sawa na mwenye vidole vifupi. Kipimo ni kimoja: je, mkono umetulia, na sauti inatoka?

Wala msidhani kwamba matatizo haya ni ya wanagenzi tu. Robert Schumann, mtunzi Mjerumani wa karne ya 19, alilazimika kuacha ndoto ya kuwa mpiga piano kwa sababu ya madhara ya mkono wake wa kulia. Yehudi Menuhin, aliyepiga fidla hadharani tangu utotoni, alipokuwa mtu mzima alisumbuliwa na mkono wake wa upinde. Mwaka wa 1952 alikutana huko India na B.K.S. Iyengar, akajifunza yoga, na baadaye alisema kwamba mafunzo hayo yalimsaidia sana katika kupiga. Yeye hakuona aibu kuanza upya. Nasi tusione.

MAZOEZI YA DAKIKA MBILI

Mazoezi haya hayahitaji fidla. Unaweza kuyafanya kwa kalamu ukiwa ndani ya matatu iliyokwama kwenye Waiyaki Way.

Kwanza, shika kalamu kama upinde, kisha ukunje na kunyosha vidole polepole mara kumi, kidole gumba kikikunjika pamoja na vingine. Pili, inua kidole kimoja kimoja na kukirudisha, bila kalamu kuanguka. Utashangaa kuona kwamba hakuna kidole hata kimoja kati ya vile vinne ambacho lazima kiwepo muda wote. Tatu, kaba kalamu kwa nguvu ukihesabu hadi tatu, kisha legeza kabisa ukihesabu hadi sita. Rudia mara tano. Zoezi hili la tatu ndilo muhimu kuliko yote, kwa maana mtu hawezi kuacha kukaba kabla hajatambua kwamba anakaba. Mwenye maumivu aliruke mpaka apone.

KIPIMO CHA MAZOEZI YA FIDLA

Mwanafunzi wa kwanza asipige saa nzima mfululizo. Anza na dakika 10, pumzika dakika tano, kisha rudia mara moja au mbili. Ongeza dakika chache kila wiki, mradi hakuna maumivu. Kuchoka kidogo ni kawaida, lakini maumivu si ada ya masomo. Ukiyasikia, weka chombo chini siku hiyo.

Asubuhi za Julai, baridi ya Nairobi inapokaza vidole, pasha mikono moto kwanza. Iloweshe katika maji ya vuguvugu, uikaushe vizuri, ndipo ushike chombo. Na kama mchana kutwa umetumia mkono ule ule kwa kazi nzito, hesabu kazi hiyo pia. Mkono haujui kwamba saa za kazi zimekwisha na sasa ni saa za starehe.

MWONE DAKTARI IKIWA

- vidole vinakufa ganzi, hasa kidole gumba, cha shahada na cha kati, au ganzi inakuamsha usiku. Huenda mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo. Wajawazito na wenye kisukari hupatwa zaidi;
- unaangusha vitu, au misuli iliyo chini ya kidole gumba inapungua;
- kidole kinakwama kikikunjwa na kunyoka kwa mshtuko;
- mkono umevimba, umekuwa mwekundu na una joto, au una homa. Hili usilingojee hata siku moja;
- viungo kadhaa hukaza kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa. Huenda ni baridi yabisi;
- maumivu hayajaisha baada ya wiki mbili za kupumzika.

Usijitibu kwa kununua tembe za maumivu kila wiki. Dawa za aina ya ibuprofeni zinaweza kuwadhuru wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu, na wajawazito wasizitumie bila kumwuliza daktari. Wala usikubali mtu akuvute au akukande kwa nguvu kano iliyovimba.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Kidole changu cha mwisho ni kifupi, hakifiki kwenye ufito. Nifanye nini? Sogeza mkono wote mbele kidogo, au mwombe mwalimu akupe mshiko unaokufaa. Usikinyooshe kwa nguvu, kwa kuwa kidole kilichonyooka hakiwezi kufanya kazi ya mizani.

Mimi hutumia mkono wa kushoto. Je, nishike upinde kwa mkono huo? Wengi wa watu wa mkono wa kushoto hujifunza kama wengine, maana kila mkono katika fidla una kazi ngumu yake. Kwa kawaida mkono wenu wa kulia unahitaji muda kidogo zaidi wa kuzoea.

Nina miaka 60 na viungo vyangu huuma. Je, nimechelewa? La. Mwombe mwalimu au fundi wa fidla akuongezee unene wa ufito pale kidole gumba kinapokaa, kwa kipande laini cha mpira. Kitu kinene kidogo hushikwa kwa nguvu ndogo kuliko chembamba.

Mtoto wangu analia kwamba upinde ni mzito. Huenda ni kweli. Fidla na pinde zake hutengenezwa kwa vipimo mbalimbali kuanzia vya watoto wadogo kabisa. Usimnunulie kubwa "ili akue nayo" kama sweta ya shule. Fidla si sweta.

FUNDI ALIVYOENDELEA

Fundi wetu hakuuza fidla. Nilimfunga gango la kutegemeza kidole gumba na kumpumzisha upinde kwa wiki tatu. Kuhusu mkasi, hangeweza kupumzika kabisa, kwa hiyo nilimwomba auleta niuone. Ulikuwa butu. Kwa muda mrefu alikuwa akikata vitambaa vizito kwa nguvu za kidole gumba peke yake, na upinde ulikuja tu kuongeza mzigo juu ya mzigo. Aliunoa siku hiyo hiyo, na kazi nzito ya kukata akampa mwanagenzi wake.

Maumivu yalipopungua alianza tena, dakika tano kwa siku, kidole gumba kikiwa kimekunjika. Kama yangalikataa kupungua, tungalifikiria sindano kwenye ala ya kano, na kwa wachache sana upasuaji mdogo. Hakuhitaji. Baada ya miezi miwili alirudi kliniki bila gango. Nilimpa ile kalamu tena. Aliishika kwa wepesi, kisha akageuza mkono ili nione kucha ya kidole gumba mwenyewe kabla sijamwuliza. Haikuwa nyeupe.

"Mwalimu anasema sauti imebadilika," akaniambia. "Na mkasi pia siushiki tena kama zamani."

Jioni hii, kabla hujafungua kasha la fidla, tikisa mkono, uangalie umbo lake likiwa limetulia, kisha uupelekee upinde umbo hilo hilo. Ukimaliza wimbo mmoja, tazama kucha ya kidole gumba.